Peti ya Savitaben na Ngoma ya Kiritiri

Walisema sitaweza. Karurumo nzima ilisema hivyo, kuanzia kinyozi wa stendi hadi mzee wa kanisa, na mjomba wangu ndiye aliyelisema vizuri kuliko wote: "Mtu ametoka Embu akaenda mpaka India, na badala ya kurudi daktari amerudi na diploma ya redio." Haikuwa diploma ya redio. Ilikuwa diploma ya uhandisi wa sauti, ina muhuri mwekundu na sahihi mbili, na mpaka leo inaning'inia ukutani kwangu mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Nilipotangaza kwamba nitafungua studio mjini Meru, tena nianze na bhajan, zile nyimbo za ibada za Wahindi nilizojifunza kuzirekodi kule Gujarat, kicheko kilitoka Karurumo kikapanda nami hadi Meru. Wameru walisema Muembu hajui biashara. Wahindi walisema Mwafrika hawezi kushika mapigo ya bhajan. Waumini wa kanisani kwangu walisema nitaingiliwa na pepo. Niliwasikiliza wote nikawaweka kichwani, kila mmoja na sentensi yake, kwa sababu mimi si mtu wa kusahau. Leo ukitaka kurekodi sauti ya mtu ikatoka kama mtu, si kama bati, utaelekezwa kwangu au kwa kijana niliyemfundisha mimi.

Naandika haya kwa sababu ya simu. Nisha alinipigia kutoka Leicester mwezi uliopita kuniambia kwamba bibi yake, Savitaben, amefariki usingizini, na kwamba yeye mwenyewe angekuja Meru kumfanyia sala katika hekalu lile lile tulilolijua. Kisha akauliza, "Bado unayo?" Sikuhitaji kumuuliza anazungumzia nini. Nilikuwa nimeketi nayo chumba kimoja. Ni hamoniamu, ile ambayo Wahindi wengi huiita peti, yaani sanduku: mbao nyekundu iliyokoza, vifungo vya shaba, mkono wa kushoto unavuta hewa nyuma na wa kulia unatembea juu ya vibao. Kibao kimoja kimelika pembeni kama sabuni, kwa kidole cha mwanamke aliyeanza kukibonyeza akiwa bibi harusi. Hiyo ndiyo iliyonirudisha katika mwaka ule, mwaka wa kwanza baada ya kutoka India, ambao nadhani niliutumia wote nikiogopa kuharibu kitu cha mtu.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri, hatua chache kutoka soko la Gakoromone. Dirisha lilitazama malori ya kabichi. Nilitundika magunia ya viazi ukutani kuzuia mwangwi, nikaongeza godoro langu mwenyewe, kwa hiyo mchana godoro lilikuwa ukuta na usiku lilikuwa kitanda. Magunia yalitoa harufu ya udongo wa Timau, na kila nilipotaka kurekodi kitu cha maana, chini kulikuwa na mtu wa mkokoteni anayeomba njia kwa mluzi. Benki haikunipa hata kiti cha kukalia nilipokwenda kuwaeleza mipango yangu. Basi nilikopa vitu, si pesa. Hajj, mwenye duka la vipuri, aliniazima chumba, na vipaza sauti alivyokuwa akivitumia wakati wa Maulidi. Mama Kawira, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, aliniazima kinanda cha umeme cha kwaya, Jumatatu hadi Jumamosi. Kompyuta tu ndiyo ilikuwa yangu, niliibeba magotini kutoka Bombay. Ukiwa umezungukwa na vitu vya watu, hata kikombe cha chai unakitua taratibu. Niliota mara nyingi kwamba chumba kinaungua, na katika ndoto hiyo sikumbuki kujiokoa mimi, nilikuwa nakimbia na kinanda.

Mama Kawira alikuwa na masharti. Kinanda kisiwekwe mbele ya sanamu, kifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kurudi, na Jumapili kabla ya saa nne na nusu kiwe kanisani. "Mimi sikatazi kazi yako, Nyaga," aliniambia. "Lakini hiki kinanda kilinunuliwa kwa harambee ya mahindi. Kuna mama aliuza debe zake mbili ndio hizi nyeupe na nyeusi ziwe hapa. Sasa usinifanye nikamweleze imekwenda kwa Krishna."

Kazi ya kwanza, na kwa muda mrefu ya pekee, ilitoka kwa Savitaben. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, sari nyeupe, magoti mabovu, na familia yake ilikuwa na duka la vitambaa. Nilikuwa nimekwenda kuuliza bei ya zulia la studio. Alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akiimba chini ya pumzi, nami nikautambua wimbo: ni zile bhajan za alfajiri, za kumwamsha mungu wao Krishna akiwa mtoto, ambazo kule Gujarat wanawake huziimba kabla jua halijatoka. Nikamwambia kwa Kigujarati kwamba mstari wake wa pili unatofautiana na nilioujua. Akaacha kuimba. Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na mzani wa duka. Kisha akamwita mtumishi aniletee chai.

Nilikula jikoni kwake miezi mingi. Nilizoea dengu zake za moto, chapati nyembamba hata unaona mkono ng'ambo yake, achari ya maembe mabichi iliyokuwa ikinikausha ulimi, na yeye mwenyewe akipika juu ya jiko la makaa ingawa mwanawe alikwisha kumnunulia la gesi. Kati ya kugeuza chapati alikuwa akiimba, nami nikiandika. Nyimbo zile alifundishwa na mama mkwe wake, na mama mkwe naye na wa kwake, na hapakuwa na mwingine mjini Meru aliyebaki nazo. Wajukuu wake walikuwa Leicester. Mwaka ule ule naye angehamia huko, mwanawe Mukesh alikwisha kuamua. Siku moja aliondoa chapati motoni akanieleza shida yake kwa Kiswahili chake cha dukani, ingawa tungeweza kutumia Kigujarati. Nadhani mambo mazito aliona ayaseme kwa lugha yangu.

"Mimi nakwenda Leicester. Kule mimi tapata moto ya umeme na televisheni. Hizi nyimbo tapata nani? Watoto nakuja hapa mwezi ya nane, kuchukua mimi. Kama hapana imba hapa, kule hapana imba kabisa. Wewe tia muziki ya siku hizi. Fanya wao imbe."

Kisha akaniletea peti akaiweka mikononi mwangu.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu, na nililijua vizuri. Ama watoto wale waimbe, ama nyimbo ziishe, na mimi niwe yule mtu wa diploma ya redio hadi kufa kwangu. Mukesh hakuwa na shaka upande upi ungeshinda. Jioni moja nikiwa mezani kwao nilimsikia akiongea na ndugu yake kwa simu, ukumbini, akiamini kwamba Kigujarati changu kinaishia kwenye salamu. Alisema, mwache mama acheze na fundi wa redio mpaka tiketi ifike, watoto wenyewe wakisikia bhajan huziba masikio. Aliporudi kuketi nilimwomba chumvi kwa Kigujarati safi, chenye matamshi ya Rajkot, kule kule Gujarat. Alinipa. Chumvi ile niliifurahia kuliko chakula.

Kazi yenyewe ilikuwa mateso. Nilitengeneza mapigo kwa kompyuta, ya kisasa kabisa, besi nzito, kinanda cha kwaya kikijaza nyuma. Nikampelekea Savitaben nikiwa na hakika atalia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Krishna ni mtoto, amelala. Wewe namwamsha kama askari." Nikapunguza besi. Akasema ngoma ya mashine haina tumbo. Mpiga tabla wa hekalu, zile ngoma zao mbili ndogo za mkono, alikuwa amehamia Nairobi, na Mukesh hakuona sababu ya kumlipia nauli. Ndipo nilipofikiria kwetu. Mimi nimezaliwa katikati ya ngoma, kwa nini nilie kwa kukosa ngoma? Nikashuka Kiritiri, kule Mbeere, siku ya soko.

Kiritiri siku ya soko ni vumbi, mbuzi na magunia ya makaa yaliyopangwa kama ukuta. Mpiga ngoma niliyemfuata, Ireri, nilimkuta akipakia mchanga kwenye lori. Tulikuwa rika moja. Nilikuwa nimemsikia akipiga kwenye harusi moja ya Runyenjes kabla sijaenda India, na sikuwahi kumsahau, kwa sababu alikuwa akipiga kana kwamba anamnong'oneza mtu. Nilimweleza kazi yangu. Aliegemea sepetu. "Wahindi," alisema. "Wahindi ndio wanataka ngoma ya Mbeere." Nikamwambia ndiyo. "Na wewe ulienda India kujifunza hiyo." Nikamwambia ndiyo. Alitazama lori, akatazama viatu vyangu, akasema atakuja, ili akazeeke na hiyo hadithi.

Alipiga vizuri mno. Wiki ya kwanza tu, ndani ya magunia yangu ya viazi, aliushika wimbo wa alfajiri bila kuelewa neno hata moja. Savitaben alipomsikia alifumba macho, na hakusema lolote kuhusu askari. Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimeishi India, na kuna swali nililolijua na sikuliuliza: ngozi ya ngoma ile ni ya mnyama gani? Ilikuwa ya rangi ya majivu, imevaliwa hadi imeng'aa katikati, na kingo zake zilikuwa nene. Nikiitazama asubuhi naona mbuzi. Nikiitazama jioni naona ng'ombe. Kama ni ng'ombe, haiwezi kuvuka kizingiti cha hekalu, na Savitaben hataimba nayo tena. Nilipanga kumuuliza Ireri kila siku, na kila siku nilijiambia nimuulize kesho, maana jibu likija haliwezi kurudi lilikotoka. Usiku nikilala juu ya godoro lililokuwa ukuta, nilikuwa nahesabu mbuzi wa Kiritiri, na mwishoni kila mara anatokea ng'ombe.

Watoto walifika mwezi wa nane, Nisha na mdogo wake Dev, wote wawili na vifaa vya kusikilizia muziki masikioni. Nisha alikuwa na umri wa kuingia kidato cha kwanza na adabu ya mtu mzima. Alisikiliza rekodi zangu hadi mwisho, akavua vile vifaa, akaniambia ni nzuri sana na kwamba anaona nimejitahidi. Nimetukanwa na watu wengi, lakini sijawahi kuumia vile. Dev hakuwa na adabu, alisema Ba akiimba ni kama mlango usiotiwa mafuta. Ba ni mama kwa Kigujarati, na nyumba nzima ilimwita hivyo, hata mimi mwishoni. Savitaben aliisikia kauli ile. Aliendelea kukata vitunguu.

Sala ya kumuaga Savitaben kabla ya safari ilipangwa Jumapili, asubuhi, hekaluni. Kwanza moto wa havan, ambapo maharaj, kasisi wao, humimina samli na nafaka katika moto mtakatifu na kusoma maombi. Kisha bhajan. Nilifanya mahesabu: moto saa mbili, nyimbo saa tatu, kinanda kirudi kwa Mama Kawira kabla ya saa nne na nusu. Ilikuwa ratiba nzuri. Niliipanga mwenyewe. Kilichosahaulika humo ni mwezi wa nane wa Meru. Usiku kucha kulikuwa na manyunyu, ukungu ukashuka hadi kwenye ngazi za hekalu, kuni zikalowa, moshi ukawaliza wazee, na maharaj akalazimika kuanza upya. Saa tatu ilifika tukiwa bado kwenye samli. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine zangu, soksi zimeloa, nikitazama saa, nikitazama kinanda, nikitazama ngoma. Vipaza sauti vya Hajj vilikuwa vimewashwa tayari, vingine ndani, kimoja barazani. Ndiyo tabia niliyotoka nayo chuoni: fungua mapema, kwa sababu sauti nzuri haipigi hodi.

Havan ilipokwisha watu waliinuka kunyoosha miguu na kupokea vitamutamu. Nikamwashiria Ireri aingie. Aligonga ngoma mara moja. Ilitoa sauti ya boksi la karatasi. Ngozi iliyotoka kwenye jua la Kiritiri ilikuwa imelegea kwa baridi ya Meru. Ireri hakushtuka hata kidogo. Mpiga ngoma wa Mbeere ngozi ikilegea anajua la kufanya, na alitazama huku na huko kulitafuta, akaliona: moto mzuri, makaa mekundu, hakuna mtu anayeutumia. Kabla sijavuka zulia alikuwa amechutama kando ya moto mtakatifu, viatu kavua kama nilivyomwagiza, ameinamisha ngoma, na anaigeuza ngozi yake taratibu juu ya joto kama mtu anayekausha shati la mtoto.

Mtu aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna. Moto ule kwao si moto, ni kinywa ambacho kwacho Mungu hula sadaka, hata kuupuliza kwa pumzi hawapulizi. Maharaj alisimama na kijiko cha samli mkononi. Mukesh alimfikia Ireri kabla yangu, na hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Ondoa hiyo kitu," alisema. Ireri akaondoa, akasimama, akiwa haelewi. Ndipo Mukesh akauliza lile swali. Aliuliza polepole, kwa Kiswahili, ili kila mtu alisikie.

"Hiyo ngozi ni ya mnyama gani?"

Niliona mwaka wangu mzima umesimama juu ya ulimi wa mpakia mchanga. Ireri alinitazama mimi kwanza, kama anayeuliza kama ni mtego.

"Ni ya mbuzi," alisema. "Beberu moja mweupe. Ilikula nguo ya mama yangu kwa kamba, leso mbili na blauzi ya kanisa, mama akasema leo ndio leo." Kisha, kwa sababu watu bado walikuwa wakimtazama, akaongeza, "Kwani sisi Kiritiri ng'ombe ya kuchezea tungetoa wapi? Ng'ombe kwetu ni mahari."

Mtu mmoja upande wa wanawake alicheka. Alikuwa Savitaben. Alikuwa ameketi kitini kwa ajili ya magoti yake, na alicheka mpaka akalazimika kujifuta kwa ncha ya sari. Akamuuliza Ireri alikuwa anafanya nini na ile ngoma pale. Ireri akamjibu kwa heshima ambayo mimi sikumfundisha. "Mama, hii ngoma imelala. Baridi yenu imeilaza. Kwetu ikilala tunaionyesha moto, inaamka pole pole."

"Ngoma pia nalala," alisema Savitaben, kama mtu anayepokea habari za jamaa. Alizungumza na maharaj kwa Kigujarati, maneno machache, na maharaj akainamisha kichwa. Halafu akatugeukia sisi. "Moto hii ni ya Mungu, hapana pasha ngoma. Moto ya jikoni ni yangu. Mukesh, leta jiko." Mukesh alisema Ba, watu wanasubiri. "Basi wao subiri. Leta jiko na makaa."

Alileta, yeye mwenyewe, na suti yake. Jiko likawekwa barazani, mbali na mahali patakatifu, na Ireri alipoona makaa akayapokea kwa furaha, akasema haya ni ya kwetu, ya Mbeere, anayajua kwa mlio yakipasuka. Wakati huo huo Mama Kawira alitokea getini na joho la kwaya na mwavuli. Saa yake ilikuwa imefika. Hakuvua viatu na hakuingia, alisimama tu pale akitazama kinanda kupitia mlango. Sikubishana. Nilikichomoa kinanda, nikakifuta kwa kitambaa safi, nikakibeba hadi getini kama mtoto, na pamoja nacho ukaenda mpangilio wangu wote wa miezi minane. Mpangilio ule ulikuwa mzuri. Nasema hivyo mpaka leo. "Umelowa, Nyaga," Mama Kawira aliniambia, akanipa mwavuli wake, akaenda na kinanda chini ya joho.

Niliporudi barazani, ngoma bado imelala na kinanda kimekwenda, nilimkuta Dev ameketi kando ya jiko. Watoto wa Leicester walikuwa wanasikia baridi, na jiko lilikuwa mahali pekee pa joto. Ireri alikuwa akimwonyesha namna ya kusikiliza ngozi: unagonga kwa kidole kimoja, unasubiri, unageuza, unagonga tena. Kila mara sauti ilipanda kidogo. Dev aligonga, Nisha naye akaja akagonga, akavua vile vifaa masikioni ili asikie vizuri. Savitaben alisogezwa na kiti chake hadi pale, peti ikawekwa juu ya stuli mbele yake. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya mkutano, kama alivyokuwa akiimba akigeuza chapati. Ngoma ikagonga ikiwa bado nusu imelala. Akaurudia mstari, ngoma ikapanda. Akaurudia tena, na sasa Ireri alikuwa ameacha kugeuza, anapiga, na Nisha alikuwa akipiga magoti yake kwa viganja. Mara ya nne sikuisikia sauti ya Ba peke yake. Ilikuwa na nyingine juu yake, nyembamba, inayokosea maneno. Kisha ya tatu, ya Dev, ambayo haikuwa na maneno kabisa.

Watu walianza kutoka ndani mmoja mmoja, wakasimama kulizunguka jiko. Mukesh alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Alikuwa na jivu kwenye suti. Hakuimba, lakini mguu wake ulikuwa unajua wimbo. Nami nilitembea kwa magoti hadi kwenye mashine yangu, kuona kama taa nyekundu ya kurekodi inawaka. Ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Kila kitu kilikuwa kimeingia: kicheko cha Ba, makaa yakipasuka, hata beberu na blauzi ya kanisa. Jumatatu kinanda kiliporudi nilikiongeza chini ya sauti zao, taratibu sana, kisimwamshe mtoto kama askari. Ile ndiyo rekodi iliyonitengenezea jina. Ilipigwa Nakuru, ilipigwa Kisumu, ilipigwa hadi Leicester, na waliokuja kunitafuta baadaye, Wahindi na wanakwaya pia, walianza na sentensi moja, wanataka sauti kama ile ya barazani.

Mwisho wa mwaka nilirudisha vitu vya watu. Hajj alipokea vipaza sauti vyake akavijaribu kwanza, kisha akasema alikuwa ameandaa maneno ya kunisimanga, ameyakosa. Mama Kawira alipewa kinanda na mwavuli, na nikamlipa kwa kuirekodi kwaya yake bure, pamoja na yule mama wa debe mbili za mahindi, ambaye aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Ireri hakuwa ananidai ngoma, ngoma ni yake, lakini nilimpelekea mama yake beberu mweupe. Mama alimtazama yule mbuzi bila upendo, akamfunga mbali na kamba ya nguo. Karurumo nilipita nikapiga rekodi ile kwa kinyozi, mlango wazi. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Akasema redio hiyo inasikika vizuri.

Peti tu ndiyo haikupokelewa. Niliipeleka mapema zaidi, mwezi ule ule wa nane, asubuhi waliyokuwa wakiondoka, masanduku yakiwa barazani. Savitaben aliisukuma ikanirudia. "Mimi hapana pa wewe zawadi," alisema. "Mimi naazima wewe. Kitu ya zawadi watu nasahau. Kitu ya kuazima wewe tafuta mimi." Akaingia garini. Nimeitunza peti ile kwa hofu ile ile ya mwaka ule: kila msimu wa mvua naiinua sakafuni, kila mwaka naipeleka kwa fundi, na hakuna mtoto wangu aliyewahi kuruhusiwa kuigusa bila kunawa.

Nisha alifika Jumamosi iliyopita, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na binti yake. Hekalu limepakwa rangi mpya. Barazani, kando ya ngazi, lipo jiko, na karibu nalo gunia dogo la makaa. Maharaj wa sasa ni kijana, hakumkuta Ba wala hanijui mimi, na nilipomuuliza jiko lile ni la nini, alinijibu kama anayemweleza mgeni mila ya kale kwamba ni jiko la ngoma, hekalu hili limekuwa nalo siku zote. Sikumsahihisha, ingawa wanaonijua watashangaa. Ireri alikuja na ngoma, nywele zake sasa rangi ya ile ngozi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Alichutama nayo kando ya makaa akaanza kuigeuza, na binti wa Nisha, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha kidole kimoja, akagonga, akasubiri.

Niliirudisha peti, nikaiweka mapajani mwa Nisha. Alikitafuta kile kibao kilicholika, kidole chake kikakaa pale mahali pake. Akavuta hewa. Wakaanza wimbo wa alfajiri, mama na binti, na maneno yote yalikuwa sahihi, hata ule mstari wa pili uliotofautiana na nilioujua mimi. Niliwasikiliza hadi mwisho. Kisha nikatoka kutafuta viatu vyangu kwenye ngazi, mikono mitupu, na nikagundua kwamba tangu nishuke kwenye ndege ya kutoka India sijawahi kusimama mahali nikiwa sina kitu cha mtu.